Shimo la Godoro

Nyalenda maji hayako mbali.
Chimba futi saba, tayari unachota ziwa.
Kwa hiyo vyoo hujaa upesi, nasi huitwa usiku,
mimi na Ogola na ufito wenye ndoano,
maana bomba la kufyonza hukabwa koo na vitambaa.

Ndoano husoma kuanzia mwisho.
Juu kabisa pedi za mabawa,
zimevimba kama mikate iliyosahauliwa mvuani.
Chini yake mifuko myeusi, ya kabla haijapigwa marufuku,
kila fundo limekazwa mara mbili
lisifunguke hata kiama.
Chini tena, pamba. Blanketi la kijivu lililochanwa.
Kipande cha leso, maandishi yamekatika:
MGENI NJ
Halafu tope tupu.

Dani hakumwachia choo kitu.
Shangazi aliniambia, siku moja tu, akiwa amelewa:
alizika vyake nyuma ya migomba, alfajiri,
kina cha mkono mzima,
mbwa asifukue, mwenye jicho baya asiokote.

Najua ploti ipi ina mabinti wangapi.
Najua nyumba ambayo damu ilikoma, na mwezi ilipokoma.
Sijamwambia mtu. Kazi hii ina kiapo
ingawa hakuna aliyetuapisha.

Juzi ilikuwa zamu ya choo changu.
Ndoano ikapanda na sifongo ya manjano,
upana wa kiganja, imekatwa kwa wembe,
pembe zote nne sawasawa.
Nikadhani takataka. Ikaja nyingine.
Nilipofika kumi na moja nikaacha kuhesabu.

Godoro la Akeyo, upande wa miguuni.
Lile shimo.
Nilivyowatukana panya!
Nilinunua sumu ya hamsini, nikaipaka kwenye omena,
nikaisukuma chini ya kitanda chake,
naye amesimama mlangoni na sare ya shule:
"Sawa, baba."

Ogola aliniuliza kama nimejikata.
Nikasema moshi.

Nilioga mara tatu, nikaenda dukani kwa Rosebela.
Sikujua jina la kutaja. Nikanyoosha kidole.
Akaifunga pakiti kwa gazeti, kisha gazeti jingine,
kama bangi.
"Hamsini," akasema.

Akeyo alikuwa bado shuleni.
Niliinua shuka, nikaisukuma pakiti ndani ya shimo.
Ikaingia yote, na nafasi ikabaki.

Kisha nikapiga magoti, nikawatoa wale omena,
mmoja mmoja.