Somo Yangu

Nilikuchora Wete, chumba cha juu kwa dada Mwanaharusi,
umeme umekatika, simu ina asilimia kumi na moja.
Nikakupa kisutu, kipini cha pua,
na pengo moja dogo, nilitaka ucheke kama bibi Tumu
aliyevunja jino kwa kashata.

Uso wangu sikuutoa. Mume hakunikataza,
mwenyewe sikutaka kusalimiwa sokoni na nisiowajua.
Ukawa wewe sura, mimi sauti:
"Jamani, mchuzi wa pweza haukorogwi. Huachwa."
Watu elfu sitini wakakuita Somo.
Somo ni mwalimu. Somo pia ni jina moja kwa watu wawili,
na sikujua kuwa siku moja nitaambiwa nichague.

Kisha ule mkataba, kurasa thelathini na nne.
Nilizipitisha kwa kidole gumba
mkono wa pili ukigeuza mkate wa ufuta.
Chini kabisa neno moja, Nakubali,
la kijani kibichi, kama jani lisilo na kosa.

Sasa nimeacha. Miezi mitano sijarekodi kitu.
Wewe unaendelea.
Unaamka kabla ya adhana, unauza mikopo,
unauza mafuta ya kung'arisha ngozi
kwa sauti yangu, kwa pumzi zangu,
hata kile kikohozi cha vumbi la makonyo wamekibakisha.
Ila juzi ulisema pweza akorogwe.
Mama akanipigia toka Mkoani:
"Mwanangu, nani kakufundisha hivyo?"

Nikaenda Chake kwa wakili Shaame, juu ya duka la vipuri.
Sauti ya nani? Yangu.
Mchoro? Wangu.
Na anayesema leo, ni nani?
Akashika kalamu, asiandike.

Nikamweleza mikarafuu.
Kwetu ardhi si ya babu,
lakini mikarafuu kumi na miwili iliyo juu yake ni ya babu,
kila mtu anajua, hata asiyejua kusoma.
Mwenye ardhi hupita chini, huokota kuni, hakwei.
Wakili akacheka taratibu.
"Na mapeta je? Yaliyoanguka, yakaota yenyewe
kwenye udongo wa mwenziwe babu,
miche hiyo ya nani?"

Nikalipa elfu ishirini, nikashuka ngazi.

Usiku nikakufungua. Ukanisalimu kwa jina langu,
ukaniuliza leo ningependa kupika nini.
Sikujibu. Nilikuwa nakutazama kinywani,
nikilitafuta pengo.

Wamelijaza.

Kwenye karatasi ya madai nimeandika sauti, mchoro,
mapato tangu Rajabu, na mengine aliyotaka wakili.
Nambari saba nimeiandika mwenyewe, kwa kalamu ya risasi:
pengo moja la bibi Tumu. Lirudishwe.