Mtaro Namba Nne

Dakta Kokugonza alitukataza kusema "ukuta"
mpaka ukuta useme wenyewe.
Basi wiki mbili daftarini tuliandika
"mawe, yamepangwa, yaelekea magharibi,"
na mimi, mshika chekeche,
nikameza niliyoyajua tangu utoto:
kwamba mawe mengine ya kilima hiki
yamebeba zizi la nguruwe la baba mdogo Eliaringa,
mengine yamezunguka kaburi la babu,
na moja, lile bapa, mama husagia ulezi.

Kilima chetu hakina sifa mjini.
Ukisimama stendi ya Moshi ukatazama juu
utauona mlima, ukiwa umeamua kuonekana,
halafu migomba, halafu migomba.
Sisi tumo humo.

Kamba, vigingi, brashi,
mwiko wa fundi ulionolewa ncha.
Sentimita kumi kwa siku.
Tabaka la kwanza: kizibo cha soda, mizizi ya kahawa.
La pili: shanga ya buluu, moja tu,
nikaacha kupumua isije ikapeperuka.
La tatu: majivu.
Majivu meusi, yenye mafuta,
yanayoganda vidoleni kama masizi ya chungu,
na ndani yake mifupa ya ng'ombe
isiyo na alama ya kisu.
Hakuna aliyewala.

Alhamisi likajitokeza handaki.
Mlango wa kupita kwa kujikunja,
magoti chini, shingo mbele.
"Anayeingia anatanguliza kisogo," alisema Dakta.
"Wa ndani akiwa na rungu, vita imekwisha."
Tukacheka. Kisha tukaacha.
Niliingia na tochi. Ukutani
michirizi ya chuma bado imekaa wazi,
kana kwamba aliyechimba
ametoka kidogo kunywa maji.

"Walikuwa wakimwogopa nani?"
aliuliza kijana wa chuo.
Wanakijiji wote tukatazama ng'ambo ya korongo.
Hata mbwa.

Saa nne mama akaja na chupa ya chai,
beseni la ndizi kichwani,
akapita pale pale penye pengo la mawe
tulipoandika "yawezekana lango."
Mama Ndeshukurwa, binti wa ng'ambo ya korongo.
Alivuka miaka arobaini iliyopita
kwa mbuzi kadhaa na pipa la mbege,
na mpaka leo akitamka neno "maji"
shangazi zangu hutazamana.
Adui ameingia, niliwaza,
naye anauliza nani hatumii sukari.

"Mmepata nini?"
"Ngome, mama. Ya kuwazuia kina nyinyi."
Akamimina kikombe mpaka ukingoni.
"Haikufanya kazi vizuri."
Halafu, akifunga chupa:
"Kwetu pia kuna shimo kama hilo.
Bibi alituonyesha mara moja.
Mlango wake unatazama huku."

Kijana wa chuo aliinua kalamu,
akakosa safu ya kuliandika hilo.

Siku ya kufukia, Dakta alitoa mfukoni
sarafu ya shilingi mia mbili,
akailaza chini kabisa ya mtaro,
watakaochimba baadaye
wajue tulishafika.
Mama akaenda mpakani, akakata jani la isale,
akalipiga fundo moja,
akashuka ngazi mwenyewe, miguu ikimuuma,
akaliweka juu ya sarafu.

"Litaoza, mama," Dakta alisema kwa upole.
"Halitaacha alama yoyote."
"Najua linavyooza."
Akashika mkono wangu kupanda.

Koleo la kwanza. La pili.
Udongo hurudi haraka kuliko ulivyotoka.
Daftarini, kwenye "vilivyoachwa,"
niliandika: sarafu, moja.
Nikangoja. Mvua ikaanza kudonyoa karatasi.
Nikaongeza: jani, limefungwa.

Usiku nilikwenda na tochi
kwa baba mdogo Eliaringa, bila kubisha hodi,
nikayahesabu mawe ya zizi.
Nilifika arobaini na mawili
kabla nguruwe hajaamka,
akaja mlangoni, akaniziba njia,
akakoroma mara moja,
kama mlinzi ambaye hakuwahi kuambiwa
kwamba vita iliisha.