Moja, Tatu, Nne, Mbili

Mnunuzi wa chuma chakavu alikuja na mizani begani,
akalizunguka mara mbili, akapiga teke tairi lisilo na upepo,
akasema: kwa kilo.
Kaka Aminieli alishakubali kwa simu, yuko Dodoma.
Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya pumba za ng'ombe,
sijui nini kilinipata.
Nikasema: haliuzwi.

Ndivyo nilivyoipata Datsani,
mwalimu wa hesabu, miaka arobaini na tisa,
asiyejua kufungua hata plagi.

Lilikuwa limelala bandani, hapa Kiboriloni,
tangu niko darasa la tano,
kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva.
Ndani ya chujio la hewa panya alijenga, akazaa, akahama.
Chini ya kiti cha nyuma nikaokota buni kumi na saba, nyepesi,
na risiti ya chama cha ushirika
kwa mwandiko wa baba, ule wa kuinamia kulia.

Baba haisikii redio siku hizi, wala mimi.
Ila nilipong'oa kifuniko cha distributa
alikuja na kigoda chake bila kuitwa.
"Moja, tatu, nne, mbili," akasema.
"Ukizipanga unavyowafundisha watoto wako
litakohoa tu."

Jumamosi baada ya Jumamosi.
Msasa wa themanini, wa mia na ishirini,
wa mia nne uliolowekwa majini,
mpaka vidole vikapoteza alama zake
na mashine ya benki ikanikana: huyu simjui.
Sakafu upande wa abiria ilikuwa chekeche,
unaona siafu wakipita zao.
Hamza Mdee akachomelea kiraka
alichokata kwenye pipa la mafuta ya kupikia;
inua zulia, utakuta nusu ya ua la alizeti.
Raba za breki zilivuka Holili
katika mfuko wa shati la dereva wa lori.
Gasketi niliikata kwa boksi la chaki.

Rangi tuligombania.
Mimi: lilikuwa kijani.
Yeye: la maziwa, nililipa mwenyewe.
Msasa ukaamua. Maziwa juu, kijani chini yake,
kila mmoja na gari lake.

Jioni moja, akipangusa spana namba kumi,
akanisimulia Jumapili za uhaba:
ikifika saa nane mchana, marufuku kuendesha.
Siku hiyo ibada ilirefuka. Saa ikamkuta njiani.
Akazima, akashuka na suti yake,
akalisukuma kilomita mbili kupanda,
mama kwenye usukani akitazama mbele,
kofia haitikisiki.
Askari akamsimamisha.
"Siendeshi, afande," alimjibu. "Nasukuma."

Jumapili iliyopita nikageuza ufunguo.
Kimya.
Nikageuza tena: kikohozi, moshi wa buluu,
kuku juu ya paa, na Hamza akipiga yowe kama kafunga goli.
Baba hakusikia kitu.
Aliweka kiganja kwenye boneti, akafumba macho,
midomo ikihesabu.
"Nne inachelewa," akasema.
Kweli, ilikuwa inachelewa.

Kisha akatazama saa yake ya mkononi.
"Saa nane. Zima."

Nikamwandikia kwa kidole
kwenye vumbi la kioo cha nyuma:
SHERIA ILE ILIKUFA BABA.
Akasoma polepole, mpaka nukta.
"Najua. Na bei ya mafuta, nayo ilikufa?"

Nikazima.
Tukalisukuma kulirudisha bandani, mimi na Hamza,
yeye kwenye usukani
akitazama mbele.