Hiyo Si Tisa

Dundee, saa kumi alasiri, giza limeshatanda.
Isla kaweka bahasha kando ya kibodi:
ufunguo wa siri wa Fergus, alioutoa mashineni
kwa penseli, herufi kwa herufi,
wiki ile figo zilipogoma.

Nauingiza. Maktaba yetu ya msimbo huria,
isiyomficha mtu hata koma,
yaukataa: umbo si sahihi.
Narudia. Yaukataa.

"Hiyo si tisa," asema Isla. "Ni g.
Nimesoma orodha zake za dukani miaka thelathini."

Unaingia.
Nautumia mara moja tu, kutia sahihi tangazo
kwamba wenyewe usiaminiwe tena.

"Karatasi nirudishie."
Haifungui kitu sasa, namwambia.
"Najua."