Kamba ya Mafundo Kumi na Mawili

Mwaka ule kampuni haikuwa na jina.
Ilikuwa na toroli moja la gurudumu bovu,
koleo mbili, na kamba ya katani
ambayo mjomba Mihambo aliifunga mafundo kumi na mawili,
fundo moja kwa kila hatua yake mwenyewe.
Mimi nilishika ncha ya pili.
Nilikuwa na miaka tisa. "Milembe, kaza!"
Nikikaza, nyumba imeanza.

Udongo tuliuchota kwenye vichuguu vya Ipuli,
kwa sababu mchwa, alisema, ameshauchuja
na hadai mshahara.
Tukafyatua, tukaanika, tukapanga tanuru refu kama behewa,
tukalichochea magogo siku tatu, usiku na mchana,
macho yakawa mekundu kabla ya matofali.

Nyumba ya kwanza aliinunua Mwalimu Nsabi wa Cheyo
kwa mafungu manne:
fedha, fedha, madebe sita ya asali, fedha.
Akaingiza kabati lake la mninga. Kabati likagoma.
Upande wa magharibi ulipungua vidole vitatu.
Mjomba akapima, akapima tena,
kisha akaitazama kamba
kama mtu aliyegeukwa na shahidi wake mwenyewe.
Mvua ya Novemba iliinyeshea, nayo ikajikunja.
Alilipunguza kabati kwa mkono wake, bila malipo.
Kamba hakuitupa.

Toroli likazaa mkokoteni, mkokoteni ukazaa lori,
lori la mkopo, mlangoni rangi ya kijani:
MIHAMBO NA NDUGUZE,
ingawa nduguze tulikuwa mimi
na fundi Lutonja, asiye ndugu.
Nyumba kumi Isevya. Arobaini Kiloleni.
Kisha Urambo, Nzega, Kaliua.
Nikahama kutoka ncha ya kamba hadi stoo ya funguo,
kila msumari ubaoni na namba yake,
na jioni nikitembea kiuno kililia kama njuga.

Halafu Malolo.
Nyumba sitini na nne kwa mkupuo mmoja,
choo ndani, tangi juu.
Mwaka huo malipo ya tumbaku yalichelewa.
Yakachelewa.
Wakulima walikuja kuangalia,
wakafungua mabomba, wakafunga, wakaaga kwa heshima.
Benki ikaandika barua. Mbuzi wakaingia sebuleni.
Mjini wakaanza kusema: mahame ya Mihambo.

Neno hilo ndilo lililomuuma, si barua.
Akaja stoo na godoro begani.
"Nipe namba moja."
Akalala humo, akachemsha chai, asubuhi akafagia,
akarudisha ufunguo. "Nipe namba mbili."
Nyumba isiyolaliwa hufa, alisema.
Namba kumi na saba ilimpa malaria.
Namba thelathini mlango ulilia usiku kucha,
akaupaka mafuta ya karanga.
Namba hamsini na mbili, alfajiri,
nesi mmoja wa Kitete, Kabula Ngassa,
alichungulia dirishani: "Jirani, maji yanatoka?"
"Yanatoka," akajibu, mswaki mdomoni.
Akainunua hamsini na tatu.
Alipojua jirani amehama kesho yake
hakumsalimia mjomba mwaka mzima.
Lakini alikwisha kuwaleta dada zake wawili.

Siku hizi tuna wahandisi wa kofia nyeupe
na mashine inayopima kwa uzi wa mwanga mwekundu.
Nyumba ni elfu mbili na ushei; nimeacha kuhesabu.
Mjomba haoni vizuri. Huzungushwa kwa gari,
husimamisha popote, hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
husikiliza, husema "haya," au hasemi.

Juzi kijana wa matangazo alinijia.
Wanaitaka ile kamba, iwekwe mapokezi,
ndani ya kioo, chini ya taa.
Nikamwambia iko kwangu, imefungia mbuzi.
Alicheka, akidhani namtania.

Mvua ikinyesha hujikunja bado,
na mbuzi wangu husogea
vidole vitatu
karibu na mlango.