Nukta ya Saba

Nimekalia kiti cha watoto wa miaka mitatu,
magoti yamenifika kidevuni,
fomu juu ya magoti, kalamu juu ya fomu.
Nje, Grimsby inapigwa na mvua inayokuja kiubavu,
na ndani kunanuka rangi za maji, maziwa, soksi zilizolowa.
Kazi yangu ni kutazama nisionekane kutazama.
Watoto wameshanigundua. Mmoja amenivisha taji la karatasi.

Anayetahiniwa ni Lorraine Sowerby, miaka hamsini na mitatu,
ishirini na sita kati ya hiyo mbele ya mkanda wa samaki,
kisu mkononi, barafu vidoleni,
mpaka kiwanda kilipofungwa siku ya Ijumaa
na kila mtu akapewa barua na boksi la minofu.

Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana:
waliosema hayo hawakutaja ngazi ya ngapi.
Hapa ni ya tatu. Na cheti cha polisi
kwamba jina lako halina doa. Na wadhamini wawili
wasio ndugu zako. Na saa kumi na mbili za huduma ya kwanza,
ukimpulizia pumzi mwanasesere wa mpira
ambaye kifua chake hulia ta! ukibonyeza sawasawa.
Na hesabu za sekondari,
alizozikimbia akiwa na miaka kumi na sita,
akazirudia usiku: mara ya kwanza akaanguka,
ya pili akaanguka kwa alama mbili,
ya tatu akapita, akanunulia chipsi mtaa mzima.
"Amelea wanne," mkuu wa kituo aliniambia, "na wajukuu sita,"
kama mtu anayemwombea mwanawe nafasi.
Nikamjibu kwamba fomu haina kisanduku cha wajukuu.

Saa tatu na robo mlango unafunguka: Kacper,
siku yake ya pili, Kiingereza chake ni neno moja, nalo ni hapana.
Mama yake anaondoka akitazama saa, akifuta macho.
Mtoto anajigandisha ndani ya koti lake.
Lorraine hamwiti. Hambembelezi.
Anaketi sakafuni, anampa mgongo,
anamenya chenza polepole,
ganda moja refu lisilokatika,
harufu ikatambaa zulia zima.
Dakika nne. Nimehesabu.
Kisha bega dogo likauegemea mgongo ule
kama kitabu kinavyoegemea kingine kwenye rafu.

Napekua. Kipengele cha tatu, nukta ya saba:
"Anatumia mbinu faafu kumwezesha mtoto kuhimili kipindi cha mpito."
Naweka alama. Ushahidi umetengewa maneno kumi na tano.
Naandika: chenza. Nafuta. Naandika tena.

Msinielewe vibaya, siidharau karatasi.
Miaka kumi na mmoja nyuma, mji mwingine,
nilimjua mwanamke aliyependwa na watoto kuliko sikukuu.
Hakuwa na cheti hata kimoja,
na mchana mmoja akagawa zabibu nzima nzima.
Mtoto yule alipona. Gari la wagonjwa lilikuwa mtaa wa pili tu.
Lakini sauti ile, yaani kutokuwepo kwa sauti ile,
ndiko kunakoniamsha usiku.
Upendo haukati zabibu.
Zabibu hukatwa kwa urefu, vipande vinne,
na mtu lazima aambiwe hivyo, aandikiwe, aulizwe tena.

Saa nne, vitafunio. Nainua shingo.
Lorraine amekunja mikono ya sweta,
na mkono ule wa kiwandani unashuka:
urefu, geuza, urefu.
Bakuli linajaa vipande vya kijani.
Anavipekua kwa kidole, kama anayetafuta miiba.

"Nimefaulu?" ananiuliza, watoto wakitoka uani.
Namwambia matokeo huja kwa barua, baada ya wiki sita.
Barua anazijua. Ananyamaza.
Najaribu kuinuka, kiti kinainuka nami,
taji linaniangukia puani,
na kabla sijaomba amenishika kwapani,
moja, mbili, haya!
kama anavyowanyanyua wote.