Kushoto Nta, Kulia Silanti

Tarehe tatu Oktoba nilibandika utepe wa karatasi
katikati ya boneti, toka kioo hadi pua,
kwenye Baluni nyeusi ya dalali Mkumbukwa,
aliyesema, "Haya, cheza. Ila ukiniharibia rangi
naondoka na hilo dramu lako la maji."

Kushoto nta ya kopo, ile ya njano,
ngumu kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa dirishani;
mpaka uipashe moto kwa kiganja ndipo ikubali.
Kulia silanti ya Kariakoo, elfu thelathini na tano,
majimaji, hainuki chochote, haikuulizi chochote.

Siku ya kwanza nta ilishinda, nasema kweli.
Weusi wa kushoto ulikuwa na kina,
ungetumbukiza mkono ukatoka umelowa.
Wa kulia ulimeta tu, kama kaunta ya benki:
karibu, simama hapo, usiguse.
Mshamu akapita na brashi ya matairi, akasema,
"Kulia pamenuna."
Nikaandika hivyo hivyo daftarini.

Namna ya kupima ni hii, mashine hatuna:
mwaga kikombe cha maji, kisha tazama.
Rangi iliyolindwa huyakataa,
yanajikunja, yanakuwa punje, yanakimbia.
Rangi iliyochoka huyakaribisha,
nayo hutandaza mkeka yakalala.

Wiki ya pili: dengu kote.
Wiki ya nne: kushoto dengu zimekuwa maharage.
Wiki ya sita jua la Sinza lilipiga tangu saa tatu,
boneti haishikiki; nta nadhani ililia,
siwezi kuthibitisha, nilikuwa kwa mama ntilie.
Wiki ya saba, kunguru.
Kunguru wa mji huu hawana upendeleo:
alidondosha kushoto, akahamia kulia, akadondosha.
Nikaosha kote kabla saa haijaisha.
Kulia pakatakata.
Kushoto kikabaki kivuli,
kama alama ya kikombe cha chai mezani kwa watu.

Wiki ya tisa, kushoto, maji yalitandaza mkeka.
Nilisimama na kikombe kitupu.
Kumbe nilikuwa upande wa nta muda wote
na sikuwa nimejiambia.

Wiki ya kumi Mkumbukwa akauza gari.
"Mimi dalali," alisema, "ulitaka nilioe?"
Safu ya kulia ikabaki wazi:
silanti itachoka lini?
Chupa imeandikwa miezi sita,
lakini chupa haijawahi kulala nje Dar es Salaam.

Machi. Mvua. Taa za Bamaga, nyekundu.
Nimetumwa shampuu, nina dumu begani,
naiona: ule mkwaruzo wa bampa niliupaka mwenyewe.
Nikajipenyeza kati ya magari, nikainamia boneti.
Kushoto mkeka, mvua imelala fofofo.
Kulia, jamani, dengu!
Chache, za pembeni, nyingine zimenenepa,
lakini zinakimbia.

Mama mwenye gari akapandisha kioo, akakumbatia mkoba,
akanionyesha kwa kidole vioo vya pembeni:
vimechorwa namba, haviuziki.
Nilitaka kumwambia, mama, siibi, nasoma.

Ndipo nikauona mstari.
Pale palipokuwa na utepe,
upana wa vidole viwili, toka kioo hadi pua,
ambapo sikupaka nta wala silanti wala chochote,
weusi ulikuwa umeondoka zake,
pamebaki kijivu, kama kisigino cha kiangazi.
Miezi mitano nagombanisha pande mbili
na hapo katikati sikumwaga hata kikombe kimoja.

Kijani. Honi. Mtu akanitukania ukoo.
Nikatoa daftari ukingoni mwa mtaro, nikaandika:
Wiki ya ishirini na nne. Kulia: bado, kidogo.
Katikati:

Na wino, juu ya karatasi isiyopakwa kitu,
ukatandaza mkeka.